Daftari la Akina Mama na Wanafunzi wa Kompyuta

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri niliitwa katika nyumba moja hapa Mombasa kusuluhisha kadhia ambayo mfano wake sikuwa nimeletewa katika miaka yote niliyosikiliza magomvi ya ndoa, ya mirathi na ya mipaka ya mashamba. Upande mmoja wa ukumbi walikaa akina mama saba, viongozi wa chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Upande wa pili walikaa vijana wanne wa chuo, wavulana wawili na wasichana wawili, na nyuma yao mhadhiri wao pamoja na baba wa mmoja wa wasichana. Katikati, juu ya mkeka, palikuwa na vitu viwili: daftari kubwa la jalada jeusi lililochakaa pembeni, na kipakatalishi kilichofungwa.

Majina ya watu hawa siyataji, wala mtaa wao, wala chuo. Kiasi cha fedha na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyabadilisha, na mama aliyeumizwa zaidi katika habari hii alisomewa makala haya kabla hayajachapishwa. Sentensi moja aliomba iondolewe, nami nikaiondoa.

Kwa wasioyajua mambo ya vyuo, nieleze kwa ufupi. Mwanafunzi wa kompyuta, awe wa diploma au wa shahada, aghalabu hutakiwa katika mwaka wake wa mwisho kutengeneza programu nzima kwa mikono yake: aandike pendekezo, akusanye mahitaji ya watakaoitumia, aichore, aiunde, aijaribu, kisha asimame mbele ya wahadhiri na kuitetea. Wengi wametetea programu za wateja wasiokuwapo. Mmoja huunda mfumo wa maktaba isiyo na kitabu, mwingine mfumo wa zahanati isiyo na mgonjwa. Vijana wale waliniambia bila kuficha kwamba kazi za namna hiyo hurithiwa kutoka darasa hadi darasa, na wako wanaozinunua zikiwa zimekwisha andikwa. Mteja wa kubuni hana udhia. Hakasiriki, habadili nia, na kila swali analoulizwa hujibiwa na mwanafunzi mwenyewe. Ndipo baadhi ya wahadhiri wakaanza kuwatuma wanafunzi wao nje, kwa mwenye duka, kwa madrasa, kwa kituo cha mayatima, kwa chama cha akina mama, wakatafute mtu mwenye haja ya kweli.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Mwanagenzi wa uchongaji milango kule Lamu, au wa uundaji majahazi, hakujifunza kwa mbao za mchezo. Alishika patasi juu ya kazi ya mteja, fundi wake akiwa ubavuni, na kosa lake lilikuwa hasara ya mtu. Hata elimu ya ufundi ya darasani ina mizizi hapa: taasisi ya MIOME, iliyoanzishwa Mombasa ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, na ambayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951, ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic na, tangu mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. (Nimeitaja kwa historia yake tu, kadhia yetu haikutoka huko.) Tofauti ni kwamba mwanagenzi wa patasi akikosea, kosa huonekana ubaoni. Mwanagenzi wa kompyuta aweza kukosea na mteja asione kitu mpaka siku ya madhara.

Basi binti mmoja kati ya wale wanne alikuwa na mama mdogo aliye mwanachama wa chama hicho, naye ndiye aliyeleta shauri. Baba yake, kama alivyonieleza mwenyewe, hakulipenda mwanzoni. Aliuliza watakutana wapi, saa ngapi, na nani atakuwapo. Alipoambiwa kwamba mteja ni chama cha wanawake watupu, kwamba vikao vitafanyika mchana katika ukumbi wa mwenyekiti, na kwamba binti hatakwenda peke yake, aliridhia. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi wamenijia na wasiwasi wa namna hiyo, na wapo waliokatiza masomo ya binti zao kwa maswali ambayo yangejibiwa kwa dakika tano.

Chama chenyewe kina wanachama 43. Kila Ijumaa huchanga shilingi 200, mwenye haja hukopeshwa bila riba, na ikifika Ramadhani akiba hugawanywa ili watu wapate kununua nguo za Idi. Hesabu zote zimo katika daftari la mweka hazina, mama wa makamo aliyeacha shule darasa la sita, na ambaye kwa miaka tisa hajapata kupoteza shilingi ya mtu.

Vijana walikuja mara ya kwanza na programu nusu tayari. Walikuwa wameichukua mtandaoni, imeandikwa na watu wengine kwa ajili ya vyama vya kuweka na kukopa na kuachwa wazi kwa yeyote kuitumia, nao wakaibadilisha rangi na jina. Kuchukua kilichoachwa wazi si wizi; ndivyo kazi hiyo inavyofanywa duniani kote, maadamu masharti ya mwenyewe yamefuatwa. Mweka hazina alikitazama kioo cha kompyuta, akaweka kidole juu ya safu moja.

“Hii ni ya nini?”

“Ya riba, Mama.”

“Wanangu, mmekuja kutusaidia ama kututia motoni?”

Walicheka wote, lakini hapo ndipo kazi ilipoanza. Kuifuta safu ile hakukuwa jambo la jioni moja, kwa kuwa hesabu nyingine zote zilikuwa zimejengwa juu yake. Kwanza wakaijaza sufuri. Sasa kila risiti ikatoka imeandikwa “riba: 0”, na mweka hazina akakataa, akasema mtu akiiona sufuri atauliza kwa nini neno lenyewe limeandikwa. Wiki mbili walikaa wakiifumua programu uzi kwa uzi hadi neno likatoka. Kijana mmoja aliniambia kwamba katika wiki mbili hizo aliyajua maungo ya programu kuliko alivyoyajua katika mihula miwili ya darasani.

Kisha ikaja kalenda. Programu iliujua mwaka unaoanza Januari na kwisha Desemba, ilhali mwaka wa chama huisha Ramadhani. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hivyo mgao hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka wa miladi, na mwezi wenyewe hauanzi kwa hesabu ya mashine bali kwa kuandama. Akina mama wale huhesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea, kama walivyohesabu bibi zao. Watatu kati ya vijana wale ni watoto wa Kiislamu na majina hayo wanayajua. Ila haikuwapitikia kuwa kompyuta nayo ingehitaji kuyajua. Suluhisho likawa kitufe kimoja ambacho mweka hazina hukibonyeza mwezi ukiandama.

Ama kuhusu simu, tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwezi wa Machi 2007 michango mingi hupita huko, na vijana walitaka programu isome ujumbe wa malipo na kumwandikia mwanachama yenyewe. Lakini ujumbe huleta jina la aliyesajili laini, na laini kadhaa za akina mama hao zimesajiliwa kwa majina ya waume au wana wao. Bibi mmoja wa miaka sabini hutuma mchango kwa simu ya mjukuu wake. Na katika wanachama 43, watatu wana jina moja na jina moja la baba, nao hutambulikana kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Daftari liliyajua yote haya.

Na daftari lilijua zaidi. Pembeni mwa baadhi ya majina palikuwa na nukta ndogo ya wino mwekundu. Wasichana wawili ndio waliouliza, siku ambayo wavulana hawakuja. Mweka hazina akawaeleza: maana ya nukta ni kwamba mwanachama huyu amechelewa, ana udhuru, na asitajwe kikaoni, aulizwe faraghani, tena na mimi peke yangu. Pengine mumewe ameachishwa kazi, au amelaza mgonjwa hospitalini, au amekopa kwa jambo ambalo nyumbani halijulikani. Wasichana waliliandika jambo hili katika vijitabu vyao. Lakini halikuingia katika programu, wala halikuwafikia wenzao. Programu ilikuwa na ukurasa wake wa wadaiwa, majina na kiasi, kwa herufi nyekundu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ilipochukuliwa.

Siku ya kutetea ilipofika, kijana aliyepewa kazi ya kutayarisha picha za kuonyesha ukutani alitaka kazi yao ionekane kuwa ya kweli. Aliufungua ukurasa wa wadaiwa wenye majina halisi mbele ya wahadhiri na darasa zima, ukakaa ukutani dakika tatu au nne huku akieleza jinsi hesabu zinavyojumlishwa. Wahadhiri walisifu. Miongoni mwa waliokaa nyuma alikuwamo kijana aliyelitambua jina la mke wa ami yake, na shilingi 18,000 pembeni mwake. Hakukusudia ubaya, alidhani ni habari ya kuchekesha ya kusimulia nyumbani. Kabla ya isha mume alikuwa amekwisha jua kwamba mkewe ana deni asiloambiwa. Fedha zile zilikuwa zimemtibu mama mzazi wa mwanamke huyo, na sababu zilizomfanya azifiche si zangu kuzieleza.

Vijana walipata alama za juu. Wiki iliyofuata mweka hazina aliwarudisha mlangoni.

Katika ukumbi ule nilimwachia yeye aanze. Hakupandisha sauti. Alisema: “Sheikh, miaka tisa daftari hili limelala chini ya mto wangu. Mume wangu hajalifungua. Mwanangu hajalifungua. Niliwapa watoto hawa kwa sababu walisema wanataka kusoma.”

Yule kijana alijibu kwamba hakukuwa na hila, kwamba kazi ile ilikuwa ya mtihani, na kwamba waliokuwamo mle ndani ni wahadhiri na wanafunzi tu. Mhadhiri akamkatiza. Alisema kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, kwani aliwafundisha kukusanya mahitaji, hakuwafundisha kuyabadilisha majina kabla ya kuyaonyesha. Fundi mzoefu, alisema, huijaribu programu kwa majina ya kubuni na fedha za kubuni. Data ya kweli hubaki kwa mwenyewe mpaka siku ya kuanza kazi. Kubadilisha majina 43 kungewachukua saa moja.

Nalo si adabu tu, ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa lile jambo zilizokusanyiwa, naye ajulishwe. Na taarifa za mali ya mtu, za ndoa yake na za jamaa zake wa karibu inaziweka katika daraja la taarifa nyeti. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru kweli mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Niliwauliza waliokuwapo ni nani aliyepata kuisikia sheria hiyo. Walioinua mkono ni mhadhiri na msichana mmoja.

Mimi niliongeza la upande wangu kwa ufupi, kwa kuwa hawakuniita kuwahutubia. Wanavyuoni wa fiqhi wanapozungumzia kuagiza kitu kitengenezwe, Mahanafi wakilipa jambo hilo mlango wake wa istisnaa na sisi Mashafii tukilipitisha kwa masharti ya bei ya salam, wote hutaka sifa za kitu hicho zijulikane kabla ya kuundwa. Nukta nyekundu ilikuwa sifa. Ilitajwa, ikaandikwa, kisha ikaachwa nje ya kazi. Baba wa msichana aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama hayo yanawahusu watoto ambao hawakulipwa hata senti. Nikamwambia walilipwa alama, na alama zile zilitokana na siri za watu 43. Tena daftari waliazimwa, na cha kuazimwa ni dhamana juu ya aliyeazimwa, alipwe asilipwe.

Kwa insafu niseme pia kwamba mteja hakuwa bila lawama. Mwenyekiti alikiri kuwa waliwaahirisha vijana mara tatu, kwamba vikao vingine vilikuwa vya robo saa kabla ya chai kumiminwa, na kwamba hapana hata mmoja kati yao aliyewauliza, “Hii kazi mtakwenda kuionyesha wapi?” Nawanasihi akina mama wanaosoma hapa waliulize swali hilo siku ya kwanza, kabla ya kumfungulia mwanafunzi karatasi yoyote.

Tuliandika suluhu. Nasema tuliandika, kwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani imo katika Suratul Baqara na inahusu kuandikiana madeni, na sisi tunaoisoma ndio wepesi wa kusema “tunaaminiana”. Vijana walikwenda na wazazi wao kumtaka radhi yule mama, na mumewe akiwapo. Nakala zote za daftari zilizokuwa katika vipakatalishi na simu zao zilifutwa mbele ya mweka hazina; wao walidhani ni mbili, zikapatikana tano. Ukurasa wa wadaiwa ukaondolewa, na nukta ikaingia mahali pake: jina lenye nukta halionekani ila kwa nywila ya mweka hazina. Na vijana wakajifunga kubaki na kazi hiyo mpaka mgao wa Ramadhani, ijapokuwa chuo hakiwadai kitu tena.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua ubishi mrefu, maana kila mtu alijua vijana hao watahitimu na kutawanyika. Mimi mwenyewe nimeonja uchungu wake. Madrasa ninayosomesha iliwahi kuundiwa programu ya karo na wanafunzi wengine, miaka kadhaa iliyopita. Ilikuwa nzuri. Wakahitimu, mmoja akaenda Nairobi, mwingine Doha, na siku moja programu ikataka nywila ambayo hakuna aliyeijua, kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe ya mmoja wao. Hesabu za miezi minane zikabaki ndani. Mpaka leo zimo, popote zilipo.

Hapo mhadhiri alitueleza namna wengine walivyolikabili tatizo hili. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana huko Marekani, upo mpango uitwao EPICS ulioanzishwa mwaka 1995, ambamo wanafunzi wa uhandisi na wa fani nyingine huyafanyia kazi mashirika ya kijamii. Kundi moja huchanganya wanafunzi wa miaka mbalimbali ya masomo, na mtu aweza kubaki ndani yake kwa mihula kadhaa. Wakubwa wakihitimu, wadogo wanaijua kazi na mteja anawajua wao. Chuo cha Harvey Mudd, California, nacho tangu mwaka 1963 kina mpango ambao kampuni huleta tatizo lake pamoja na malipo, na kundi la wanafunzi hulishughulikia mwaka mzima wa masomo. Chama cha shilingi 200 kwa wiki hakina malipo ya kupeleka popote. Nikaona la Purdue ndilo linalotufaa, na mhadhiri akaahidi kwamba mwakani atawaambatanisha wanafunzi wa mwaka wa pili na wale wa mwaka wa mwisho.

Likabaki swali la programu ni ya nani. Nilicheka nilipoambiwa kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, ikikaa safu moja na mashairi yetu. Kazi iliyoagizwa, haki yake huhamia kwa aliyeiagiza ila wakiafikiana vingine. Lakini je, akina mama waliagiza, au vijana ndio waliobisha hodi? Tuliona si la kugombania. Tukaandika kwamba waliyoyaandika vijana ni yao na ya chama kwa pamoja, data ni ya chama peke yake, akaunti na nywila ziwe kwa jina la chama, na hesabu zitolewe kwenye karatasi kila mwisho wa mwezi.

Ramadhani ilifika, mgao ukafanyika. Jumla ya programu na jumla ya daftari zilipishana kwa shilingi 600. Siku mbili walitafuta, na wasichana wakaanza kuogopa kwamba wameharibu tena. Mwisho ilionekana kuwa kosa ni la daftari: mara tatu mweka hazina alikuwa ametuma mchango wake mwenyewe na akasahau kujiandikia. Hakusema kitu, aliinua kalamu akajiandikia.

Wavulana wamekwisha kwenda zao. Mmoja ameajiriwa Nairobi, na aliniandikia kwamba juzi alikataa kumpa mwenzake kazini orodha ya wateja wenye majina halisi kwa ajili ya majaribio, wakagombana. Msichana aliyeleta shauri huja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwezi uliopita alikuja na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, na mweka hazina akawakalisha mkekani, akawafungulia daftari jipya alilolijaza majina aliyoyabuni mwenyewe, na nukta nyekundu kwenye matatu kati yao.

Yule mama wa shilingi 18,000 amekwisha lipa deni lake. Kikaoni hajarudi. Mchango wake huletwa na binti yake kila Ijumaa, kwa noti, si kwa simu, na mweka hazina huuandika daftarini kwanza.